Ndoo ya Chokaa ya Damas

Shituru, Likasi, tarehe 4 Machi 1979

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Émilienne,

Pokea salamu nyingi katika Bwana. Hujambo huko Kamina, na wagonjwa wako wanakuacha ulale? Sisi tunapumua, ila si wazima sote, na hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Unajua sabuni imetoweka madukani. Basi nikaanza kuipika uani kwa mafuta ya mawese na sude, ile chumvi kali nyeupe inayoyala mafuta mpaka yagande. Ninauza soko la Kikula. Usinicheke, yule mwanafunzi wa masista sasa ananuka mawese.

Mwezi uliopita sufuria ilichemka, sude ikanirukia usoni. Nilipiga kelele, Damas akatoka mbio. Unamjua shemeji yako: tangu wamweke kwenye asidi kiwandani, hakosi ndoo ya maji ya chokaa mlangoni, kama jirani zake wote wa kazi ile. Humo huchovya nguo za kazi, maana chokaa huua asidi. Alinishika kichwa, akaniosha macho kwa maji hayo huku akilia, "Usiogope, mama Claire, chokaa njo dawa ya moto."

Yaya, jicho la kulia limekufa. Ninaandika kwa lililobaki.

Sasa nisikilize vizuri. Hospitalini, Damas alipotoka kutafuta chakula, muuguzi aliniambia kwamba sude si asidi. Sude na chokaa ni ndugu wa tumbo moja, zote zinaunguza, na chokaa ndiyo iliyomalizia jicho. Maji matupu, mengi, huenda yangeliokoa. Damas sikumwambia. Ningemwambiaje? Kila asubuhi anamshukuru Mungu kwa ile ndoo, akisema bila hiyo ningepofuka macho yote mawili.

Ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini jana amemfundisha jirani yetu Rosalie, naye mpika sabuni, aweke ndoo ya chokaa kando ya jiko. Rosalie nimemwonya kwa siri, ila wengine nitawafikia wote? Lazima Damas ajue, nami kila nikifungua kinywa machozi yananitangulia.

Njoo Pasaka, Yaya. Umwambie wewe uliye muuguzi, atakusikia. Lakini kabla ya yote umwambie kwamba nilijua tangu hospitalini, na bado nilirudi nyumbani nimemshika mkono.

Claire anakuamkia sana. Bwana akufunike huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Gertrude