Mama mkwe na miche ya Hauke

Antje, shoga, nimechoka hata kulia siwezi.

Ile miche mitatu ya bangi ya Hauke, ambayo sheria ya huku Ujerumani inaruhusu, ninayoilea kwenye hema la kuoteshea lenye taa chumbani tangu aanze dawa za saratani, mama yake ameiua. Yote!

Nimerudi kutoka kazini nakuta hema wazi, taa imezimwa. Miche iko nje barazani, kwenye baridi hii ya Kiel, imelegea kama mchicha uliochemshwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nyanya zenu zilikosa hewa, mwanangu."

Nyanya! Antje, kasema nyanya!

Nikamwambia ni bangi, ya kumtuliza mwanawe kichefuchefu. Akakaa chini sakafuni. Kisha akasema, "Nilitaka na mimi nimfanyie kitu."

Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Nikayameza.

Nikampigia Hauke hospitalini, roho juu. Akacheka mpaka akakohoa. "Nyanya? Kweli kasema nyanya?" Sijamsikia akicheka tangu augue. Halafu: "Mpe mama mbegu zilizobaki aoteshe yeye. Wewe kalale."

Sasa mama mkwe yumo hemani, miwani puani, anafukia mbegu kwa kidole. Mimi naenda kulala na viatu vyangu miguuni.