Masika Aliwanyonyoa Nyenje Wote

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka huku Liège. Goti linaendeleaje? Na maharage ya huko nyumbani Musienene, mvua imeyahurumia? Sisi tuko wazima, ila baridi ya huku haina adabu.

Kwenye simu uliniuliza kama mjukuu wako Masika bado anakukumbuka, maana tulipokuja alikuwa na miaka mitano tu. Nilijibu "ndiyo" haraka haraka. Ukweli, Mama, sikuwa na hakika, na iliniuma.

Sasa sikia. Darasani kwao wanafuga mijusi wawili wenye madoadoa ndani ya sanduku la kioo. Wazungu wana mambo! Likizo ilipofika, mwalimu alimkabidhi Masika awalishe, yeye ambaye hafungui mdomo darasani. Chakula chao ni nyenje wazima, wanaouzwa kwenye kopo.

Nikamwachia kopo, nikaenda kuosha vyombo. Kurudi, namkuta ameketi chini, miguu ameinyoosha, sahani mapajani. Nyenje wote amewang'oa mabawa na miguu, safi kabisa! Nilicheka mpaka nikakaa. Mijusi wao waliangalia tu, kwani hawali kitu kisichotembea.

"Papa, banakataa!" akalia. "Madame atasema mimi hapana jua kazi."

"Lakini nani alikuambia utoe miguu?"

"Koko! Alisemaka senene hapana kula na miguu, itakwama mu koo."

Koko wake ni wewe, Mama. Ni asubuhi moja tu uliyomkalisha karibu nawe mkekani mkanyonyoa senene pamoja.

Nyenje mmoja alikuwa ametoroka, analia nyuma ya jiko. Masika akafuta machozi, akalala kifudifudi, akamnasa kwa mkono mmoja. Mjusi mkubwa akammeza papo hapo. Yule mdogo alisubiri mpaka kesho yake, tuliponunua kopo lingine. Wale wa kwenye sahani nilitaka kuwatupa, Masika akaniletea chumvi. Sisemi zaidi.

Shule ilipofunguliwa, alisimama mbele ya wenzake wote akaeleza kosa lake, akaonyesha kwa vidole jinsi ya kunyonyoa. Mwalimu akauliza nani alimfundisha. Alikutaja jina lako lote, pamoja na lile la ubatizo. Nilikuwa mlangoni, nikajivuna kama nimetajwa mimi.

Nisalimie dada Kahindo pale sokoni, na mjomba Paluku, mkatekista wetu.

Masika anauliza senene wataanza kuanguka lini. Mwekee nafasi yake kwenye mkeka.

Mwanao,
Kambale