Nyuki Wasio na Vichwa

Isfara, 9 Machi

Mwanangu Mehrangez,

Assalamu aleikum. Hujambo huko Dushanbe, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, Alhamdulillahi, ila goti linanisumbua.

Picha ulizochora za nyuki wa porini zimefika. Hata vinywele vya miguu vinaonekana! Nikaenda kuzibandika msikitini, ili jirani yetu Abduvali awajue nyuki hawa, asije akawaua kwa dawa anayopulizia miaprikoti yake. Mulla akashtuka: "Savrinisa, picha ya kiumbe na macho yake, humu? Haramu! Kata kichwa, itakuwa sawa na picha ya mti." Nikachukua mkasi.

Leo Abduvali kanigongea mlango. "Dada, ile dawa ya kwenye picha za msikitini, ya kukata nyuki vichwa, inauzwa wapi? Kali kweli!" Anasema maua yakichanua tu, anapuliza. Nyuki wakiisha, hata miti yetu haitazaa. Nifanyeje?

Mama yako

Dushanbe, 13 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Kikohozi kimekwisha.

Mama! Nimecheka mpaka ofisini wakauliza kulikoni. Mimi nakesha nachora macho, wewe unashika mkasi! Haya, nimechora upya: nyuki kazamisha kichwa ndani ya ua, nje yamebaki makalio tu. Mulla atakata nini hapo? Bandika kabla maua hayajachanua.

Mwanao Mehrangez

Isfara, 27 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Goti afadhali, namshukuru Mola.

Mulla kacheka mpaka kilemba kikalegea, akaipokea picha, nikaibandika. Abduvali akabisha: "Uongo! Nyuki gani anakaa hivi?"

Jana maua yamefunguka. Abduvali akaja kwenye miti yake na bomba la dawa mgongoni. Mimi nachungulia juu ya ukuta, nasoma kila dua niijuayo. Akasogeza uso kwenye tawi ahakikishe. Akahamia tawi la pili. Kisha akaniita:

"Dada Savrinisa! Wote wameinama, makalio juu!"

"Si ulisema uongo?"

"Hawa wamesujudu, dada. Nitawapuliziaje dawa, nao wako kwenye swala?"

Akavua bomba. Kasema atangoja mpaka maua yapukutike. Na leo anazunguka kwa majirani, kila mwenye bomba anamfokea: "Wewe! Waache wamalize!"

Sikumwambia kwamba wanakula tu. Hiyo nayo ni dhambi, mwanangu? Nijibu upesi, na barua isipitie kwa Abduvali, asije akaisoma.

Mama yako