Kikapu Nilichoshindwa Kukifungua

Kitale,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, uzito wake gunia zima la mahindi makavu. Magoti yanaendeleaje na hiyo baridi ya Cheptais? Na yule ng'ombe mwenye tabia za mbuzi, bado anakula sweta za watu kwenye kamba? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa hadi vifungo vya yunifomu vinalalamika. Mwambie dada yangu Cherop kwamba hapa Kitale kaka yake anasalimiwa kwa jina, tena na watu waliovaa tai.

Najua utashangaa barua ni ya nini na simu iko. Mama, wewe simu yako huweka sauti juu mpaka majirani wanajibu maswali yangu kabla yako. Haya ni ya macho yako peke yako. Vaa ile miwani ya Baba, keti chini, na usimpe Cherop akusomee, maana yeye huongeza chumvi.

Nianze na kazi. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini dunia nayo ni shule na mimi nimeisoma: Malaba, Eldoret, Kampala mara mbili. Hapa hospitalini mimi ndiye ninayesukuma vitanda, na usicheke, kwa sababu daktari bila mimi ni mtu tu amesimama na koti jeupe akingoja mgonjwa ambaye hajafika. Mwaka huu tulifundishwa kodi za dharura. Si kodi ya nyumba, Mama. Ni rangi zinazotangazwa kwenye spika, wafanyakazi waelewe na wagonjwa wasishtuke. Ikiitwa Bluu, moyo wa mtu umesimama. Aliye karibu anaanza kumkandamiza kifua papo hapo, mwingine analeta toroli la dawa, na mwanao anashikilia lifti wazi na kuondoa watu njiani. Wengine wabaki kwa kazi zao, wasikimbilie kutazama kama ni harusi. Nyekundu ni moto, na hapo lifti hatuigusi hata kwa kidole. Mtihani wa hayo yote niliupita kuliko makarani wenye diploma. Matroni wetu, Sista Nyaruai, mama mfupi anayetembea kama sakafu yote ni yake, aliniambia ati kichwa ninacho, shida yangu ni mdomo.

Halafu kuna Pinki. Pinki ni mtoto haonekani wodini. Ikiitwa hiyo, kila mfanyakazi anakimbilia mlango ulio karibu naye na kusimama hapo. Hakuna kutoka, awe padre, awe daktari mkuu, mpaka matroni atangaze imeisha. Na mzigo wowote unaotosha mtoto lazima uangaliwe. Hata mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Jumanne saa nne asubuhi ikaitwa Pinki. Ya kweli, si ya mazoezi. Mimi nilikuwa mlango wa dobi, kule nyuma shuka zinakofuliwa. Mlango huo ni wa Mbugua, soja wetu, yule nilikuambia hunigawia githeri yake ya mahindi na maharagwe kila siku huku akidai ati sisi watu wa mlimani tunajua kupika maziwa peke yake. Alikuwa ameniomba nimshikie mlango dakika mbili aende chooni. Kwa hivyo Pinki ilinikuta mimi, na mlango ulikuwa wangu.

Akaja mama mmoja mzee kutoka Ndalu, leso kichwani, gambuti miguuni, na kikapu kikubwa kimefunikwa shali. Umri wako, Mama. Hata mwendo ni wako, mguu wa kulia unauonea huruma wa kushoto. Nikamwamkua, nikamwita kukhu kama Wabukusu wanavyomwita nyanya, maana mimi kila lugha nina kipande changu. Nikamwuliza amebeba nini. Akasema ni nguo za binti yake aliyejifungua, anaenda kuzianika. Akaniita mwanangu. Akaniuliza kama nimekula. Mkono wangu ulifika kwenye ile shali, Mama, halafu ukakataa. Nilishindwa kufungua kikapu cha mama wa watu. Nikamfungulia mlango, nikamwambia ateremke ngazi polepole.

Mtoto alikuwa ndani ya kikapu.

Kule juu mzazi wake, Mary Ann, aliamka akakuta kitanda kidogo kitupu, akalia kilio ambacho bado kiko ndani ya masikio yangu. Dakika ishirini na tano. Ndipo dereva wa ambulensi akaona pikapu imeegeshwa nyuma ya dobi. Ndani yake alikuwa mzee ambaye nusu ya mwili wake imepooza, hawezi ngazi, na wodi ya akina mama wanaume hawaingii. Kwa ule mkono mzima alikuwa amemshika mjukuu aliyepewa jina lake, anamwonyesha kwa maneno mahali shamba linaanzia na mahali linaishia. Kukhu aliogopa mzee wake angeondoka duniani kabla ya kumwona mjukuu. Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo, alikuwa amelala. Kukhu aliomba msamaha mpaka akapiga magoti wodini, na ni binti yake mwenyewe, Mary Ann, machozi hayajakauka, aliyemwinua.

Sasa ikawa, nani alifungua mlango? Kukhu akasema ni kijana mmoja mwenye heshima sana. Kwa sifa hiyo hakuna aliyenifikiria mimi. Mlango ni wa Mbugua, kwa hivyo wakamwita Mbugua. Angeweza kunitaja, Mama. Hakunitaja. Alisema mlango ni wake na ni yeye aliyeuacha. Akatumwa nyumbani angoje kikao cha Ijumaa, na kila mtu alijua kikao hicho ni cha kumfuta kazi. Ana watoto wanne. Akiondoka aliniachia mkebe wake wa githeri, ati isiharibike.

Jumatano nikanyamaza. Alhamisi nikanyamaza. Mimi huyu, mwenye mdomo wa kuwauzia watu maji mtoni. Githeri ile sikuigusa. Ijumaa asubuhi kabla ya kikao nikabisha kwa Sista Nyaruai, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: mtu aliyezijua kanuni kuliko makarani, ilikuwaje akashindwa na shali? Nikajikuta namwambia jambo ambalo sijawahi kukuambia wewe.

Mama, ile hospitali ya Bungoma, miaka tisa iliyopita. Nilikuambia Baba alituacha alfajiri, usingizini, wewe ukiwa bado barabarani. Nilikudanganya. Saa tatu asubuhi Baba alikuwa macho. Kupitia dirishani nilikuona umefika getini, nikamwambia, akatabasamu, akanituma nikulete haraka. Nilipofika nikakuta soja amemwaga kikapu chako juu ya benchi: chupa ya maziwa lala, blanketi, soksi za Baba. Anauliza moja moja, na wewe unajibu kwa adabu, ukikunja upya kila alichokunjua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ile yunifomu ilinitisha. Nilisimama nyuma ya gari, nikangoja amalize. Neno moja tu, kwamba mzee anamwita, lingetosha. Sikulisema. Tulipopanda juu walikuwa wamemfunika.

Na alikuachia neno, Mama. Alisema nikuambie usikimbie kwenye ngazi, magoti yako, yeye atakungoja. Nimekaa na neno lako miaka yote hii kama mtu aliyetumwa zawadi akaila njiani. Nisamehe. Tangu siku ile niliapa sitapekua kikapu cha mama yeyote, na kumbe kiapo hicho karibu kimfute kazi Mbugua, na kingeweza kumpoteza mtoto wa watu.

 Sista Nyaruai akaniambia hakuna mahali kanuni inasema mama apekuliwe kama mwizi. Inasema asitoke. Ningemketisha kwenye kiti changu, nikamweleza kuna mtoto haonekani, nikamwomba afungue shali kwa mkono wake mwenyewe. Angeniambia habari za mzee, na mzee angeletewa mjukuu na nesi, mchana kweupe, bila mtu kulia. Akasema hata yule soja wa Bungoma angeweza kukupa kiti na kutuma mtu juu kuuliza. Hapo nikalia, Mama, mtu mzima na kilo zangu zote.

Mbugua anarudi kesho. Amepewa onyo la mdomo kwa kuacha mlango, mimi nimepewa la maandishi, na miezi miwili mizima sisukumi kitanda: nasimama mlango wa dobi pamoja naye. Nilipompelekea habari nyumbani aliniuliza kama mkebe wake nimeuosha. Ila jana Sista aliniruhusu kitanda kimoja tu. Nilimsukuma Mary Ann na mtoto wake, walioruhusiwa kwenda nyumbani, hadi kwenye ile pikapu, na mzee akanishika mkono kwa ule wake mzima. Hakuuachia haraka.

Pasaka njoo Kitale, Mama. Ukiwa umenikasirikia, kasirika, nipigie hata kwa sauti ya juu majirani wote wasikie. Lakini uje. Pitia mlango wa nyuma, utanikuta hapo. Kikapu chako nitaomba ukifungue, maana kanuni ni kanuni, lakini utakuwa umeketi kwenye kiti changu na chai mkononi. Na zile ngazi usizikimbilie. Safari hii mimi ndiye nitakungoja.

Nisalimie Cherop, na majirani wote wenye masikio marefu. Ng'ombe naye mwambie nitamletea sweta yake.

Wako usiyechoka naye,
Kiplangat.