Masika Ameanza Kuona Mwezi, na Mimi Nilitangaza

Mama Masika,

Kule uko najua unanicheka, basi cheka umalize. Binti yako ameanza kuona mwezi, na mimi baba yake nilimutibia malaria.

Siku tatu alilala amejikunja, masomo hapana, na mutihani wa sixième, ule wa kumaliza primaire, ulibakia wiki mbili. Nikamupa kinini. Siku ya kufua mashuka ndiyo nikaelewa. Nikakaa chini pale pale na sabuni mukononi.

Unajua kwetu mambo hayo ni ya shangazi, baba haingizi mudomo. Lakini dada yangu iko Kamango, na hii vita imefunga barabara. Donc nikaenda kwenye fonie ya parokia, ile redio ya kuita batu ba mbali. Jambo la kunong'ona, mimi napiga kelele: Masika ameona damu, nifanye nini? Nyuma yangu batu wamepanga mustari, wanasikia yote.

Dada naye akajibu sauti ya kuita ng'ombe. Si ugonjwa. Tafuta kitambaa cha pamba cha zamani, laini, umukunjie. Abadilishe asubuhi, saa sita, mangaribi. Afue na sabuni, aanike kwenye jua, asifiche chini ya kitanda. Tumbo likiuma, aweke chupa ya maji ya moto. Mwezi ujao ikikosa, asiogope, mwanzoni inarukaka. Mama mumoja wa mustari akaniambia nimuombe mutoto pardon.

Habari ilinitangulia nyumbani. Masika alikuwa amefunga mulango.

"Papa, masomo sirudi tena. Ulitangaza Vulamba yote."

Maneno ya kutuliza batoto yalikuwaka yako. Nikatoa kitenge chako cha kumubebea, kile nilikatalia hata dada zako siku ya kukuzika, nikakikata. Nikapitisha vipande chini ya mulango, kimoja kimoja, nikirudilia maneno ya shangazi. Na pardon nikaomba. Akavuta vipande ndani.

"Hiki ni cha mama."

"Ndiyo."

"Papa, hujui kukata."

Nikasema sijui. Mulango ukafunguka kidogo, akaomba makasi.

Jumatatu alirudi masomo. Alinikataza kumusindikiza, nikamufuata mbali kama mwizi. Batoto bamoja balicheka, akapita. Mutihani ameandika yote.

Nimechoka, Mama Masika. Ulipaswa kuwa hapa, nakukasirikia kabisa. Lakini mudogo wake Kavira iko na miaka minane. Yeye nitamuambia mapema, mimi mwenyewe, hapa nyumbani. Shangazi atanisamehe. Pumuzika sasa.

Bwana yako