Mlio Chini ya Kiti cha Mama

S.L.P. 87,
Subukia.

14 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Sydney,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Hujambo huko Doha, na lile joto limepungua kidogo? Mara ya mwisho ulilalamikia mgongo. Natumaini sasa unalala vizuri na kwamba wamekuondoa kwenye kazi ya kuinama. Sisi huku, mimi na Joan na watoto, tu wazima. Mvua haikutunyima mwaka huu, mahindi yamebeba mpaka mabua yanainama, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Habari za Mama ndizo zilizonifanya niache simu nikachukua kalamu. Kuta za nyumba hii unazijua. Ninalosema sebuleni, yeye hulisikia kitandani. Omolo, jirani yetu, anapanda ndege kesho kurudi huko kwenu, naye atakukabidhi barua hii mkononi. Isome yote kabla hujampigia Mama.

Tangu Mei, figo za Mama ziliposhindwa, tumekuwa tukimpeleka Nakuru mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Gari ni lile la marehemu Baba, ile station wagon. Mama hukaa nyuma, mto mgongoni, shanga za rozari mkononi.

Kabla ya hapo, wakati wa Pasaka, shemeji yetu Mwaura alikuwa ameliazima aende nalo mazishi Kericho. Lilikaa kwake muda mrefu kuliko tulivyopatana, kisha akalirudisha limepakwa rangi mpya, linang'aa. Alisema ni zawadi yake kwa Mama. Mama alimwekea mkono kichwani akamwombea mbele yetu sote. Celestine alifurahi sana siku hiyo, maana unajua jinsi ambavyo dada yetu ametaka siku zote mumewe apendwe hapa nyumbani.

Basi tulipoanza safari za hospitali, gari likaanza kulia. Ulikuwa mlio mrefu wa kukwaruza, kama mlango wa zizi unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika, halafu "ko!" moja. Halafu kimya. Nilimpelekea Kipketer, fundi wetu pale Nakuru. Akabadilisha shoku za nyuma, akabadilisha bushi za mpira, akalizungusha mjini mwenyewe. Halikulia. Nikalirudisha nyumbani, nikampandisha Mama, na kwenye kona ya kwanza likalia.

Ndivyo ilivyokuwa, Kaka. Nikiwa peke yangu, kimya. Mama akiingia, linalia. Joan alianza kuogopa akasema tumwite mchungaji aliombee. Mama mwenyewe siku moja aliacha rozari katikati akaniambia, "Micah, kuna kitu kinapumua chini yangu."

Nilimuuliza Mwaura kama alikuwa ameusikia mlio huo alipokuwa nalo. Alicheka. "Gari nzee hulia tu, Micah. Hata sisi tutalia." Nikacheka naye.

Lakini kuna jambo lilianza kunikera. Kila tulipotoka kanisani Nakuru na kutaka kuwafikisha akina Celestine kwao Milimani, Mwaura alikuwa na sababu. Leo ana mtu wa kuona, leo wangependa kutembea, leo Kimberly, mtoto wao, anatapika akikaa kwenye gari. Siku moja alimwinua mtoto kutoka mlangoni mwa gari, mguu tayari uko ndani, akampakia boda boda. Mtoto anayetapika ndani ya gari umpakie boda? Niliwaza hivyo, kisha nikaacha kuwaza.

Juma lililopita mlio ulibadilika. Ile "ko" ikawa mbili, na mlango wa nyuma ukakataa kufunguka nilipotaka kumshusha Mama. Kesho yake alasiri nikamwambia Joan aendeshe. Nilitoa kiti cha nyuma, nikapakia magunia mawili ya mahindi mahali Mama anapokaa, nami nikalala kando ya magunia, sikio kwenye sakafu. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba gari halimjui Mama. Linajua uzito.

Tulipanda mlima wa kutoka bondeni. Kwenye kona likalia, na safari hii lilinilia sikioni. Nikalishika zulia nikaling'oa. Chini yake palikuwa na lami nyeusi ya kuzibia, mpya kabisa, imepakwa kutoka mlango hadi mlango. Nikaikwangua kwa bisibisi. Ilitoka kwa vipande, na chini yake pakawa na mshono wa kuchomelea, na mshono wenyewe ulikuwa umefunguka. Joan alipokata kona nyingine, ufa ukapanuka, nikaiona barabara ikikimbia chini ya uso wangu.

"Joan, simama," nikasema. Hakusikia. "Joan! Simama!"

Alisimamisha gari, akaja nyuma, akachungulia. Alienda akakaa kwenye majani akajifunika uso kwa leso. Ng'ambo ya barabara ni korongo, Kaka, unapajua mahali penyewe.

Tulilikokotesha mpaka kwa Kipketer. Aliliinua, akalitazama kwa muda, akaniita niingie chini. Nusu ya mbele ni gari la Baba. Kuanzia kiti cha nyuma ni gari jingine kabisa, limekatwa na kuunganishwa na letu. "Mimi nilikuwa naangalia magurudumu," akasema, na uso wake ulikuwa umepauka. "Sikufunua zulia. Pole, Micah. Hii ingeachana na mathe akiwa ndani."

Nilimpigia Celestine nikamwambia aje na mumewe. Walikuja. Mwaura alipoona gari liko juu na mshono uko wazi, alisimama mlangoni mwa gereji asiingie.

"Lori ilinigonga kwa nyuma nikirudi kutoka Kericho," akasema bila kuulizwa. "Sikuumia. Niliona aibu. Gari ya mzee wenu, nimeaminiwa nayo... Jamaa wa kuchomelea aliniapia itashika."

"Na ilipoanza kulia?" nikamuuliza.

"Nilidhani ni kitu kidogo."

Celestine alikuwa ameinama akitazama ule ufa. Alisimama polepole. "Mwaura, mbona Kimberly hajapanda hii gari tangu Pasaka?"

Mwaura aligeuka akatazama barabarani. Celestine alimuuliza tena, kwa sauti ileile ya chini. Kipketer akaondoka akaenda kunawa mikono, maana kuna mambo mtu wa nje hafai kuyasikia.

"Uliogopa," Celestine akasema. "Mtoto wangu ulimtoa. Mama yangu ukamwacha."

Hakurudi naye Milimani. Yuko hapa na Kimberly, kwenye chumba chako cha zamani. Mwaura amekuja mara mbili na wazee wa kwao. Mara zote mbili Mama ameagiza wapikiwe chai, wameinywa, na Celestine hakutoka chumbani. Mimi sina la kuongeza hapo. Nikimwona Mwaura getini natamani kumpiga, na nikimwona akiondoka ameinamisha kichwa, sijui natamani nini.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Celestine alimsimulia Mama kila kitu, maana hakuna anayeweza kumdanganya. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru Mungu, akaomba uji. Tukadhani yamepita. Jumanne, siku ya mashine, nilikodi gari la jirani, zuri, la juzi tu. Mama alivalishwa, akatoka kwa mkongojo hadi mlangoni mwa gari, akasimama. Akalizunguka lote. Tulimsihi, mimi na Joan na Celestine. Akarudi ndani akalala na viatu miguuni.

Ijumaa vilevile. Miguu yake imevimba, na usiku anapumua kwa shida. Hospitali wamepiga simu wakisema wazi kwamba hawezi kukaa wiki nyingine hivi. Daktari amesema gari la wagonjwa linaweza kuja kumchukua, lakini Mama anasema yeye si mzigo wa kufungwa kamba.

Wewe ndiwe kifungua mimba wake. Sauti yako hujaza nafasi ya Baba kwake. Omolo akikupa barua hii, mpigie saa hiyohiyo, hata ukiwa kazini. Usimweleze uliyoyasoma. Mwambie tu aende.

Omolo na mkewe wanakusalimu. Joan anakusalimu, Celestine pia, ingawa hawezi kuandika kwa sasa, na Kimberly anauliza mjomba atarudi lini. Mungu akulinde barabarani na kazini, akufunike pale macho yetu yasipofika.

Nilipomfuata Mama ndani Ijumaa, nilimwambia gari hili ni jipya, halina kasoro. Alinitazama bila hasira. Akaniuliza, "Nani amefunua zulia?"

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Micah