Chupa ya Pili Iko Darini

Mufindi, upande wa Igowole
Jumapili, 10 Juni 1956

Dada Subilaga,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke nyumbani mara ya mwisho, na ni wiki ya tisa tangu wakuzike bila mimi. Ukungu umeingia mpaka ndani ya kambi. Wenzangu wengine wako kanisani, wengine wameshuka Igowole kunywa ulanzi. Mimi nimebaki kitandani, blanketi mabegani, karatasi juu ya kifuniko cha sanduku.

Sijui mtu aliyekufa anaandikiwaje. Darasa la nne walitufundisha kuanza na "natumaini u mzima wa afya", na shule yangu ikaishia hapo. Zamani nilijua barua itafika, shemeji ataisoma kwa sauti karibu na moto, nawe utamkatiza kila mstari: "Rudia pale aliposema anakula vizuri." Hii haina wa kukusomea. Labda ndiyo maana nitaweza kusema kweli.

Nataka ruhusa yako, Dada. Nataka kuvunja neno ulilolisema siku mbili kabla hujafa. Lakini lazima nieleze kwanza, maana ulikufa bila kujua, na nyumbani mpaka leo hakuna anayejua.

Unakumbuka nilivyokuja likizo na zile chupa mbili. Kutoka huku mpaka Iyunga nilizipakata kama mtoto mchanga, na watu ndani ya basi waliziba pua. Ilikuwa dawa ya kuulia vidudu, ile ninayomwaga vyooni na kwenye mifereji hapa kambini. Ni nyeusi na nzito kama lami, lakini ukiitia majini yanageuka meupe kama maziwa. Nilikuambia nilipewa. Sikupewa. Nilijichotea kwenye debe la stoo, kidogo kidogo, wiki tatu.

Nilikuwa na majivuno nayo. Mwaka ule kuhara kulikuwa kumetumaliza kambini, tukamwaga dawa kila mahali, na kuhara kukakoma. Niliamini ni dawa tu. Sikufikiri kwamba mwezi uleule walichimba vyoo vipya na kutuletea maji ya bomba. Nilikuwa mtu wa dawa, na mtu wa dawa huona dawa.

Basi nikafika kwako nikaanza kunusa pembe zote za nyumba. Nikasema sakafu haifai, ndoo hazifai, mikono yako haifai. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukamwita mumeo: "Njoo umwone Mzungu wa Mufindi. Kesho atatufundisha kupumua."

Nami badala ya kucheka nikanuna. Nikakishika kibuyu cha mama.

Kile kibuyu ulikitunza kuliko nguo zako za kanisani. Hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Ulikisuuza kwa maji ya uvuguvugu na majani makavu, na kila mara uliacha maziwa ya zamani kidogo chini, ile mbegu, ili ukimimina mapya juu yake kesho yawe yameganda. Mama alikuachia kibuyu na mbegu yake, naye alivipata kwa mama yake. Nilikuambia, "Humu kumeoza, Dada. Ni vidudu vitupu." Ukanijibu, "Basi ni vidudu vyetu. Ndivyo vilivyokulea."

Asubuhi ukanimiminia maziwa kikombeni nikakataa kunywa. Mimi, mdogo wako, niliyekunywa kwenye kikombe hicho tangu nikiwa sina meno. Mtu akikataa maziwa kwetu unajua amesema nini: kwamba si ndugu tena. Hukugombana nami. Ulitoka nje, ukamwagia mbwa, ukavichukua vibuyu vyote vitatu ukaviosha kwa dawa yangu mpaka maji yalipotoka meupe. Nilisimama mlangoni nikitazama. Nilifurahi. Ndicho kinachoniamsha siku hizi, kwamba nilifurahi.

Miezi miwili baadaye shemeji aliniandikia kwamba maziwa hayagandi. Yanakaa siku mbili, tatu, kisha yanaoza na kunuka hospitali. Aliandika, "Dada yako anasema umeyafundisha Kizungu, sasa yanaona haya kuganda kwa watu weusi." Nilicheka peke yangu kitandani hapa hapa. Nikajibu muendelee, yatazoea.

Kisha ikaja habari ya vyura. Ulikuwa unasuuza ndoo na vibuyu pale maji ya chemchemi yanapotokea, na jirani yako Mama Lusekelo anachota kule chini. Shemeji aliandika kwamba mama huyo alipanda mpaka mlangoni kwako akasema, "Subilaga, vyura wamenyamaza siku ya nne leo. Umetia nini majini?" Ukamwambia aende akawaulize vyura wenyewe. Tangu hapo mkaacha kusalimiana, nyinyi mliokuwa mkiazimana hata moto. Na sasa watu wanamnong'ona, wanasema ugomvi wa chemchemi ulifuatwa na kifo. Hakufanya kitu, Dada. Alisema kweli tu, mimi nikiwa mbali.

Maana vyura hao nimewaona huku, ila kwetu huku ni samaki. Mfereji wa vyoo unaingia kwenye kijito, na siku tunayomwaga dawa nyingi kijito kinakwenda cheupe mpaka kwenye kona. Vidagaa vinaelea tumbo juu. Kaa wadogo wanapanda ukingoni na kufia kwenye majani. Watu wa chini huko wanachota maji hayo. Nilimwambia nyapara. Alinitazama akasema, "Samaki hawana kipande cha kazi hapa." Wote wakacheka. Mimi nikarudi kwenye debe langu.

Kazi hii imenifanya mtu wa kukaa peke yangu. Wananiita Daktari wa Choo. Ugali ukiiva kila mtu ana wenzake wa sinia moja, mimi napakuliwa kando, maana harufu haitoki hata nikijisugua. Na najisugua kwa sabuni nyekundu ya dawa, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ya vidole imekuwa kama karatasi ya sigara. Vinapasuka kwa baridi. Sijakuandikia haya kamwe. Niliandika nakula vizuri.

Sasa nifike kwenye mkono wako.

Mwezi wa tatu mwaka huu ulikuwa unakata majani ya ndama, mundu ukakukata chini ya kidole gumba. Mikono yako tayari ilikuwa imepasuka kama yangu, kwa sababu ile ile. Huku kambini dresa, yule Mbena wa zahanati, alituambia tangu siku ya kwanza kwamba dawa ile ni kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji, na ni ya sakafu. Wewe sikukuambia hivyo. Niliona aibu kukuletea kitu kutoka mbali halafu nikuambie ukitumie kwa kifuniko. Nilikuambia, "Kali ndiyo dawa. Isipochoma haiponyeshi." Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha.

Ukachovya kidole kwenye dawa isiyochanganywa, asubuhi na jioni. Shemeji anasema ngozi iligeuka nyeupe, ikawa ngumu, ikawa nyeusi. Ilivyozidi kuuma ndivyo ulivyozidi kuchovya. Alipokusihi uache ulimwambia, "Asajile yuko na wenye dawa, wewe uko na nani?" Mkono ukavimba mpaka kwapani. Mlikuwa njiani kwenda hospitali ulipokata roho.

Barua yake ilipofika ulikuwa umezikwa siku kumi na mbili.

Nilikwenda kwa dresa. Nilimwonyesha vidole vyangu, nikauliza kama ni habari zangu: mtu akitia dawa ile kwenye kidonda, ikiwa kali, inakuwaje? Yule mtu hapandishi sauti. Alisema, "Haijui kidudu wala nyama, Asajile. Ikiwa kali inaua vyote viwili, halafu kidonda kinabaki hakina cha kujitetea. Na inaingia mwilini. Maji safi na sabuni ya kawaida vingekutosha." Akaniuliza, "Nani kakwambia utie kwenye kidonda?" Nikasema hakuna.

Pengine mundu wenyewe ulikuwa na uchafu wake na ungekufa hata bila mimi. Nimejaribu kulishika neno hilo. Halishikiki. Najua tu kwamba ulikuwa unaungua na ukavumilia kwa sababu ni mimi niliyesema.

Na sasa neno lako. Shemeji aliandika kwamba ulipokuwa hujiwezi ulimwita Tupokigwe binti yako, ukamwambia, "Chupa ya pili iko darini. Msiiguse. Hiyo ni ya kitovu cha mjukuu wangu." Na Tupokigwe atajifungua kabla mwezi huu haujaisha.

Nilipoisoma nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kesho yake nikatuma barua: dawa ile isitumike, ikae huko huko juu. Jibu limefika Alhamisi iliyopita. Shemeji ameandika kwa upole, lakini ameandika: "Tupokigwe anasema mama yake ndiye aliyeagiza, na hawezi kuvunja agizo la mama yake kwa sababu ya karatasi. Wazee wanasema aliyeleta kitu ndiye anayekiondoa, aje mwenyewe aseme mbele ya kaburi. Na hukutuambia kwa nini."

Sikuwaambia kwa nini. Ni kweli. Niliiandika barua ile mara tatu, na kila nilipofika mahali pa kuandika kwa nini niliandika kwamba nina kazi nyingi. Niliogopa shemeji aisome kwa sauti, Tupokigwe akiwa amekaa pale pale na tumbo lake. Unaona, Dada, nusura nimwache mtoto aungue kitovu ili mimi nibaki mjomba mwema mwenye dawa.

Nilimwuliza dresa kuhusu kitovu, safari hii bila kuficha ni cha nani. Alisema kikatwe kwa kitu kilichochemshwa, kiachwe kikavu, kisitiwe kitu. Nikamwambia na mengine yote, habari zako zote. Kisha akanisogezea kigoda nikakaa, naye akakaa karibu yangu. Ni muda mrefu mtu hajakaa karibu yangu.

Jana nikaomba ruhusa kwa nyapara. Akasema, "Dada yako walishamzika. Unakwenda kumzika mara ya pili?" Nikasema ndiyo. Akasema nikiondoka kabla kipande hakijajaa siku thelathini, nisirudi kudai siku zangu. Nikasema sawa. Nadhani alitegemea nimbembeleze.

Kwa hiyo nisikilize, na kama unakataa, ukatae kwa namna yoyote wanayokataa huko.

Nitasimama pale ulipo, mbele ya mumeo na Tupokigwe na Mama Lusekelo pia. Nitasema ni nani aliyekuambia kali ndiyo dawa. Wakinifukuza nitaondoka, lakini nitakuwa nimesema, na Mama Lusekelo ataweza kupita njiani bila kunong'onwa. Kisha nitapanda darini mwenyewe niishushe ile chupa. Nilifikiri nitaimwaga, lakini nimezunguka kichwani nchi yetu yote, kuanzia chemchemi mpaka bondeni, na sijapata mahali pa kuimwaga pasipokuwa na mtu au chura. Nitairudisha huku nilikoiiba. Dresa amekubali kuipokea. Nitaipakata tena ndani ya basi, na watu wazibe pua, nami nitajua wana haki.

Na kuna jambo moja limenijia wiki hii nikisugua choo cha mwisho. Mwaka ule kibuyu cha Mama Lusekelo kilipopasuka, ulimpelekea mbegu kwenye kikombe cha bati, kijiko kimoja, umefunika kwa jani la mgomba. Mimi ndiye niliyekibeba, na uliniambia nikimwaga nisirudi. Nyumbani kwake maziwa yanaganda mpaka leo. Shemeji alishalalamika hivyo, akidhani ni maringo yake. Si maringo, Dada. Ni ya mama. Yako kule chini tu, kwenye kibuyu cha mtu mliyeacha kusalimiana naye.

Nitamwomba kijiko kimoja. Nitaomba nikiwa nimepiga magoti, kama anavyoombwa mtu uliyemkosea. Akinipa, nitampa Tupokigwe, na nitamfundisha kukisuuza kibuyu kwa maji ya uvuguvugu na majani makavu kama ulivyokuwa ukifanya, na siku mtoto wake atakapoanza kunywa maziwa, mimi nitanywa mbele yake kikombe kizima, nisiache hata tone. Hilo nakuahidi. Ndilo deni langu la ile asubuhi.

Lala, Dada. Kama vyura wamerudi, utawasikia kabla yangu.

Alhamisi lori la chai litanishusha barabara kuu. Nitafika Iyunga Ijumaa, kabla jua halijatua. Nitapitia kwa Mama Lusekelo kwanza, kisha nije kwako. Nitakuja nimenawa kwa maji tu.

Mdogo wako,
Asajile